Jumamosi ya Mbuni na Jasusi

Jumamosi, tarehe 3 Februari

Kwa mzazi mwenzangu,

Nakuita hivyo kwa sababu afisa ustawi ndiye aliyetuelekeza tuitane hivyo, na mimi siku hizi ni mtu wa kufuata maelekezo. Miaka kumi na moja nilikuita mke wangu, leo nakuita kama mtu niliyekutana naye kwenye mkutano wa wazazi. Hali yangu ni nzuri. Yako sikuulizi, maana nimeona mwanangu kaja na viatu vipya, nikajua kwenu mambo si mabaya.

Naandika hapa mkahawani, chini ya jumba la sinema. Mwanangu yuko mbele yangu anamalizia bisi. Nikimaliza naitia barua kwenye mfuko wa nyuma wa mkoba wake wa shule, nawe Ijumaa utatia yako humo humo, kama tulivyokubaliana. Simu zimetushinda, tukipigiana, majirani wanazima redio ili wasikie vizuri. Kwa hiyo mtoto ndiye posta yetu, na nimempa cheo kabisa: Bibi Tarishi. Kakipenda.

Ulitaka taarifa ya kila Jumamosi. Basi leo tumeangalia ile filamu ya watoto, ya mbuni mdogo mwenye miwani ya rubani. Mimi si mtu wa sinema, naingia mara moja kwa mwaka nikikimbia mvua, lakini hii nimeipenda. Kifaranga cha mbuni kinatamani kupaa, ndugu zake wanakicheka, kinaanguka, kinajaribu tena, mwishowe kinapaa juu ya mapaa ya nyumba na ukumbi mzima unapiga makofi. Nyimbo zilikuwa nyingi mno kwa masikio yangu. Mwanangu alicheka mpaka akapaliwa. Funzo lake ni kwamba ukitia nia unaweza.

Kikao chetu kwa afisa ni Ijumaa, tarehe 22 Machi. Nitaomba niongezewe Jumapili. Mtu anayekaa na mtoto wake saa nane kwa wiki hajakaa naye, kamchungulia tu. Hizi Jumamosi ndizo zinazonifanya niamke siku nyingine sita. Nakuomba usinipinge.

Mzazi mwenzako,
fundi wa lifti


Ijumaa, tarehe 9 Februari

Kwa mzazi mwenzangu,

Barua yako niliikuta mfuko wa nyuma pamoja na bisi mbili zilizopondeka. Nimeisoma kwa kalamu nyekundu. Usinune, mimi nalipwa kusoma prufu kutwa nzima pale kiwanda cha uchapaji, na jicho langu halijui kwamba saa ya kazi imekwisha. Umeandika "mwanangu" mara tatu. Nimekata zote tatu na kuandika "mwanetu". Ni neno dogo, lakini ndilo lililotufikisha kwa afisa ustawi.

Hilo ni kosa la kwanza. La pili si la tahajia.

Jumamosi jioni nilimuuliza mtoto filamu ilikuwaje. Akaweka mikono nyuma, akatazama ukuta, akasema: "Sijui. Sikuona. Sikuwepo." Nikadhani ni mchezo. Jumapili nikamuuliza nani kamaliza sukari. "Sijui. Sikuona. Sikuwepo." Jumatatu mwalimu wake akaniletea kijikaratasi akiuliza maneno hayo mtoto kayatoa wapi, maana darasa zima la nne sasa linajibu hivyo, hata kwenye hesabu.

Basi Jumatano nilipotoka kazini nikaenda kumwangalia huyo mbuni. Watu wazima tusio na mtoto tulikuwa wawili, mimi na babu mmoja aliyeingia kulala. Nami nikupe maoni yangu. Mbuni hapai. Hapai hata kidogo. Ile miwani ni ya vumbi, kwa sababu kazi yake ni kukimbia. Wimbo ni mmoja, tena mwishoni majina yakipita. Filamu nzima inahusu kifaranga anayejifunza kwamba amepewa miguu, mambo ya kupaa aachane nayo. Kuna sehemu moja baba na mama wanaatamia mayai kwa zamu, huyu akiinuka yule anakaa, wala hawasemezani, wala hakuna afisa wa kuwapangia siku. Hapo nilifuta macho. Sikuwa nalilia ndege.

Wewe ulisoma bango la ukutani, mengine ukatunga. Sasa niambie mwanetu aliingizwa kwenye filamu gani, na nani alimfundisha kunificha.

Mzazi mwenzako,
msoma prufu


Jumamosi, tarehe 10 Februari

Kwa mzazi mwenzangu,

Umenishika. Sina pa kutokea.

Siku ile saa saba mchana nilipigiwa simu kwamba lifti ya jengo moja la ofisi imekwama kati ya ghorofa ya nne na ya tano, na ndani kuna mama mjamzito na mwanamume anayegonga mlango kwa viatu. Ningesema leo sipo? Nilimkalisha mtoto kwa mlinzi wa mapokezi, nikapanda chumba cha mota juu ya paa, nikaachia breki kwa mkono na kuishusha lifti taratibu mpaka mlango ukalingana na sakafu. Yule mama alitoka akiwa mzima, yule mwanamume akatoka na kiatu kimoja, na mimi nikatoka nimechelewa. Tulipofika sinema mbuni alikuwa ameshaanza, na tiketi za awamu ya pili zimekwisha. Iliyobaki ilikuwa filamu ya majasusi, saa tisa na nusu. Mtoto alishavimbisha mdomo. Nikamwambia mkata tiketi ana miaka kumi na mbili. Akamtazama, akanitazama, akacheka, akatuachia.

Kwa kuwa umekuwa mtu wa maoni, haya yangu. Filamu ni ndefu na watu wake wananong'ona mno. Jasusi ameishi na mke miaka tisa, mke anadhani mume anauza vyerehani. Wakubwa wake wamemfundisha kwamba akikamatwa ana maneno matatu tu ya kujibu, na ndiyo hayo uliyoyasikia. Bunduki ni moja na inalia mara moja. Kilichoniudhi ni lifti. Adui anakata kebo, lifti inaporomoka ghorofa kumi. Uongo mtupu. Lifti ina kebo zaidi ya moja, na hata zote zikikatika kuna breki zinazong'ata reli. Nilisema hivyo kwa sauti, watu wakaniambia ninyamaze, na mtoto akajisikia fahari kwamba baba yake anajua kuliko filamu.

Nilimwomba asikwambie, basi. Sikumfundisha kitu, maneno ya jasusi kayaokota mwenyewe. Niliogopa ungemwambia afisa kwamba nampeleka mtoto wetu (umeona? wetu) kwenye filamu za watu wazima, na Jumamosi zangu zikakatwa. Huo ndio ukweli wote. Nakuomba uishie hapo.

Mzazi mwenzako,
fundi


Ijumaa, tarehe 16 Februari

Kwa mzazi mwenzangu,

Ukweli wako una shimo. Nimekwenda kuiona na hiyo ya majasusi, Jumanne, macho yakiniwaka baada ya kurasa mia mbili za sheria za barabarani. Wiki mbili, filamu mbili, peke yangu, mimi niliyekuwa nikikubembeleza twende sinema ukasema viti vinakuumiza mgongo.

Sikatai, yule mke ameigiza vizuri. Miaka tisa anafua mashati ya mtu asiyemjua. Mwenzako nilimwelewa kabla hajafungua mdomo.

Lakini hukunitajia mtoto. Umenitajia bunduki, vyerehani na breki za lifti, mtoto umemruka. Jasusi ana binti wa darasa la tatu, na barua za siri zinapita ndani ya mkoba wake. Anazibeba, anazifungua kwa mvuke wa birika, anazisoma, anazibandika tena. Siku moja anaona moja ni mbaya, anaificha, na kwa kuificha anamwokoa baba yake asiende mtegoni. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi nilitaka nirudishiwe tiketi yangu. Mtoto kama yule atajuaje barua ipi ni ya kuua na ipi ni ya kuponya? Kwenye filamu aliyeitunga anamjulia. Na wewe ulikaa kando ya mwanetu, mkoba wake uko mapajani, ukalalamikia breki.

Kikao kikiisha, barua zetu zipite posta. Posta huchukua wiki nzima, kwa hiyo mpaka hapo tuvumilie mkoba. Bahasha zangu nitazipaka gundi.

Kuna lingine, na nakwambia mwenyewe kabla hujalisikia pembeni. Kiwanda kinafungua tawi kwenye mji mwingine, safari ya siku nzima kwa basi, na nimepewa kazi huko. Nataka kwenda na mtoto. Nitaliweka mbele ya afisa siku ya kikao. Kuhusu filamu, bado sijaamua kama nitamweleza.

Mzazi mwenzako,
msoma prufu


Jumamosi, tarehe 17 Februari

Kwa msoma prufu,

Leo sikuiti mzazi mwenzangu. Mzazi mwenzangu hawezi kumhamisha mtoto safari ya siku nzima halafu akanijazia karatasi na habari za makofi ya ukumbini. Unanisuta kwa ajili ya mtoto wa kwenye filamu, na wangu unamfungia kwenye sanduku pamoja na vyombo. Siku nzima kwenda, siku nzima kurudi. Jumamosi yangu itakuwa wapi, dirishani mwa basi?

Ukimchukua sitakusamehe, hata nizeeke nisahau jina langu. Nitakuja tarehe 22 na nitasema yote, na yale ya mwaka tuliolala vyumba viwili nitayasema, afisa aandike mpaka kalamu imwishie wino.

Mtoto ananiuliza mbona mkono unatetemeka. Nimemwambia ni baridi. Hakuna baridi.

Baba wa mtoto


Jumamosi, tarehe 2 Machi

Kwa mzazi mwenzangu,

Wiki mbili mfuko wa nyuma umekuja mtupu. Nimestahili. Ile barua niliitia mkobani kabla haijapoa, na mtu akishaachia kitu kama kile hawezi kukikimbilia njiani akakirudisha.

Leo tumemwona mbuni, kweli safari hii, saa nane kamili. Simu niliizima, na kampuni wakitaka kunifukuza wanifukuze. Maoni yangu ni kwamba afadhali hadithi niliyoitunga mimi. Mwanzoni nilikasirika kabisa kwamba hapai. Mtoto akaninong'oneza, "Baba, mbuni hawapai, tulisoma darasa la pili." Ile sehemu ya zamu nayo nimeiona. Nilipogeuka nikakuta mtoto hatazami filamu, ananitazama mimi. Sijui kama alikuwa ananipeleleza akuletee habari au ananihurumia tu. Sikujua niweke uso gani, nikajifanya nakohoa.

Kuhusu huo mji mwingine, sijakubali. Ila nimewaza, na nimewaza nikiwa juu ya mapaa ya watu, mahali ambapo hakuna wa kugombana naye. Kama lazima uende, niachie likizo. Likizo zote za shule, aje alale kwangu, kitanda nitamtandikia kile cha dirishani. Hilo tu. Nikijua likizo inakuja naweza kuvumilia Jumamosi zikipita kavu. Zikiondoka zote, mimi sina kitu, nakwambia bila kutia chumvi.

Nijibu kabla ya kikao, nijue kama nakuja kugombana au kushukuru.

Mzazi mwenzako,
fundi


Ijumaa, tarehe 15 Machi

Kwa mzazi mwenzangu,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu kila nikianza, yanatoka matusi. Leo nimeona bora yatoke yaishe.

Ile barua yako ya Februari ninayo. Umenitisha. Umetaka kuanika mambo ya chumbani mbele ya afisa, wewe ambaye nusu mwaka ulikuwa ukirudi nyumbani kubadilisha soksi tu. Nani alikaa hospitalini mtoto alipovunjika mkono? Mimi. Wewe ulikuwa ndani ya shimo la lifti ya watu. Nani alitunga uongo wa mbuni akampa mtoto aubebe? Nani alimwongezea miaka mlangoni mwa sinema? Nimechoka kuwa mtu wa kusahihisha makosa yako. Nimeyasahihisha miaka kumi na moja na hujawahi kurudia ukurasa ukausoma. Mara nyingine natamani usije kabisa kwenye hicho kikao, nisione uso wako, nimalize mambo yangu niondoke.

Karatasi imejaa. Nachukua ya pili.

Sasa nimepumua. Hayo ya nyuma ni kweli, ila si yote. Mtoto akirudi kutoka kwako Jumamosi huimba bafuni. Siku nyingine haimbi. Mimi kazi yangu ni kutafuta makosa, na hilo nimelitafutia kosa nikalikosa.

Kwa hiyo sikiliza. Likizo zote, chukua. Nitamwambia afisa mwenyewe kwamba nimekubali, na habari ya majasusi sitaigusa. Lakini lazima uwepo, kwa sababu anasema makubaliano kama hayo tunayatia sahihi wote wawili mbele yake, asipokuwepo mmoja hayapo. Na kikao si tarehe 22 tena. Ni Jumanne hii, tarehe 19, saa tatu asubuhi. Afisa ana safari. Nilipita ofisini kwake akaniomba nikufikishie habari kwa kuwa mtoto anakuja kwako kesho.

Njoo. Vaa lile shati la bluu, linakufanya uonekane mtu wa kuaminika.

Mzazi mwenzako


Ijumaa, tarehe 22 Machi

Kwa mzazi mwenzangu,

Barua hii namwachia mlinzi wa lango la kiwanda chako, maana mkoba sasa umefungwa.

Leo asubuhi nimefika kwa afisa ustawi saa mbili na robo, ili nisiambiwe nimechelewa. Shati nimelipiga pasi mara mbili. Karani akafungua daftari, akapitisha kidole, akasema, "Kikao chenu kilikuwa Jumanne." Nikacheka, nikadhani kanichanganya na mwingine. Akanigeuzia karatasi nisome. Mzazi wa kiume hakufika wala hakuleta udhuru. Jumamosi zimesitishwa. Mama ameruhusiwa kuhama na mtoto. Sahihi yako iko chini, mwandiko safi, hauna kosa.

Jumamosi iliyopita nilimuuliza mtoto kama kuna barua, akasema hukuandika. Nikasema sawa, mama yako anafikiri, na mimi sikuandika nisije nikakuharakisha. Kumbe ulikuwa unafikiri namna ya kunipiga chenga. Uliijua tarehe ukaimeza, ukaenda peke yako. Ile filamu ya majasusi wewe hukwenda kuitazama, ulikwenda kusomea.

Nilikaa kwenye ngazi za ile ofisi mpaka mfagiaji akaniomba nipishe. Nilikuwa na siku moja kwa wiki ya kuitwa baba, umeichukua bila hata kuniambia usoni. Sina la kukuomba tena.

Fundi wa lifti


Jumatatu, tarehe 25 Machi

Kwa mzazi mwenzangu,

Niliandika. Ijumaa ya tarehe 15, karatasi mbili, nikapaka gundi, nikaitia mfuko wa nyuma kwa mkono wangu. Humo nilikuandikia tarehe ya kikao, saa yake, na mengine.

Jumanne nilikaa kwenye benchi la nje kuanzia saa mbili na nusu. Ilipofika zamu yetu nikamwomba afisa asubiri, akasubiri dakika arobaini. Kila mlango ulipofunguka niliinuka. Siku ile nilikuwa na jambo la kukupa, na sasa silisemi, kwa sababu mtu aliyeandaliwa kitu asije kukipokea, sina haja ya kumkimbiza nacho barabarani.

Unaniambia barua hukuipata. Uliniambia pia kwamba mbuni anapaa.

Afisa amekuachia upenyo. Ukiwa na ushahidi kwamba taarifa haikukufikia, upeleke kabla ya kwisha kwa tarehe 18 Aprili, na shauri litafunguliwa upya. Lakini ameniambia wazi kwamba ikifika hapo, aliyebeba barua ataitwa. Mtoto atakalishwa katikati yetu mbele ya meza, aulizwe barua ilikwenda wapi, na kila neno lake liandikwe. Nilipomweleza mtoto, alikwenda chooni akatapika. Ameogopa, na mimi simlaumu. Kama unataka kumpitisha huko ili uongo wako upate pa kusimama, nenda.

Tunahama tarehe 6. Anwani mpya iko nyuma ya bahasha. Ni kwa ajili ya mtoto, si kwa ajili ya ugomvi.

Msoma prufu


Jumatano, tarehe 10 Aprili

Kwa baba,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Mimi sijambo kidogo. Shule ya huku ni kubwa, ina ghorofa mbili na haina lifti. Stempu amenipa mwalimu wangu mpya, nilimwambia naandika barua kwa baba. Mama hajui.

Baba, barua ya mama ya tarehe 15 ninayo mimi. Nilikuwa nazisoma zote, zako na za mama. Za mama nilikuwa nazifungua kwa mvuke wa birika kama kwenye filamu, halafu nazibandika. Hiyo nilisoma karatasi ya kwanza. Mama alikuwa amekasirika sana na aliandika kwamba anatamani usije. Nikaona ukiisoma mkono wako utatetemeka tena kama siku ile. Nikaiweka ndani ya jalada la kitabu cha hesabu, nikakwambia mama hajaandika. Yule mtoto aliificha na baba yake akapona.

Karatasi ya pili sikuisoma. Nilidhani itakuwa mbaya zaidi. Mama aliponiambia kwamba humo alikuandikia siku ya kikao, ndiyo nikajua. Mpaka leo sijaisoma. Nikiigusa tu tumbo linauma. Mama anasema ni maji ya huku.

Mimi ndiye niliyefanya ukose Jumamosi zetu. Mpelekee afisa barua hii. Akiniita nitakuja, nitakaa kwenye meza yake na kusema ni mimi. Naogopa tu mama akiwa ananitazama nikisema.

Siku ile ya mwisho uliniuliza filamu ipi ilikuwa nzuri nikasema sijui. Ya mbuni ni nzuri lakini ni ya watoto. Ile ya majasusi nilidhani nimeielewa.

Mtoto wako,
Bibi Tarishi


Jumatano, tarehe 17 Aprili

Kwa mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika leo asubuhi. Mwandiko wako umekuwa mzuri, na stempu uliibandika vizuri, haikupinda.

Sasa kaa chini unisikilize. Siku ya kikao niliijua. Karani wa ile ofisi alinipigia simu kazini siku moja kabla, akanitajia siku na saa. Nikaandika kiganjani kwa kalamu, nikanawa mikono wakati wa chakula, nikasahau. Jumanne asubuhi nilikuwa nyumbani nimelala. Nilipokumbuka niliona aibu, nikamwandikia mama yako kwamba sikuambiwa. Nilimdanganya, kama nilivyomdanganya habari za mbuni. Mama yako amesema kweli kila neno: aliandika, alikwenda, alikaa kwenye benchi akanisubiri mimi.

Kwa hiyo barua uliyoiweka haikubadilisha kitu. Hata ingenifikia, bado ningesahau, maana mimi ndivyo nilivyo, na wewe unajua ni mara ngapi nimechelewa kukuchukua. Usiisome. Ilikuwa ugomvi wetu wa zamani tu, karatasi ya kwanza na ya pili ni yale yale. Ichane vipande vidogo, uitupe.

Kwa afisa siendi, na hakuna atakayekuita. Lile shauri limekwisha kabisa.

Ile filamu ya majasusi ilikuwa ya kijinga, na kosa langu ni kukuingiza. Mtoto hawezi kumponya baba yake kwa barua, wala hawezi kumpoteza. Aliyeitunga hana watoto. Mimi nilikosa Jumamosi zangu kwa usahaulifu wangu mwenyewe, na nikikufikiria huko uliko na tumbo linauma kwa ajili ya kosa ambalo si lako, naumia kuliko ninavyoumia kuzikosa.

Cheo cha tarishi nimekifuta leo. Kuanzia sasa ukitaka kuandika, niandikie habari za shule, za rafiki uliyempata, za mwalimu aliyekupa stempu. Usifungue tena bahasha ya mtu.

Ukimaliza kusoma hii, mpe mama naye aisome.

Baba yako